Unaniita ao Unanifukuza?

Hata leo, mwanangu, nikiona mtu amesimama mlangoni bila kuingia, kicheko hunijia chenyewe. Namkumbuka Koko Nsimire, mama mzazi wa baba yangu, siku alipogoma kutembea mbele ya harusi nzima kule Katana: kibuyu kichwani, watu na njaa yao, na mimi mbele na gitaa mikononi na aibu hadi masikioni. Nakuita mwanangu, ingawa ni mama yako ndiye niliyemzaa. Mjukuu kwangu ni mtoto niliyepewa bila uchungu wa kuzaa, kwa hiyo huwa namdekeza. Leo sikudekezi. Kaa hapa, weka simu chini, unisikilize.

Juzi ulinipigia gitaa hapa sebuleni. Ulisema, "Koko, pozisyo zote tano niko nazo sasa," ukaanza. Kwa kweli vidole vyako ni vyepesi, sitakunyima haki yako. Ulianzia juu kwenye shingo ya gitaa ukateremka mpaka shingo inapokutana na tumbo, kisha ukarudi ulikotoka, mbio mbio, bila kukosea hata mara moja. Halafu ukaniangalia usoni kungoja sifa. Nikasema, "Ni vizuri," nikauliza kama chai iko. Niliona ulivyokunja uso. Sikuishia hapo kwa sababu nilichukia; niliishia hapo kwa sababu nilijisikia mimi mwenyewe nikiwa na umri wako, nikahitaji kwenda kucheka chumbani kwanza.

Maana hizo pozisyo tano, maumbo ya vidole unayoyasoma kwenye simu, mimi niliyasoma ukutani.

Tulikaa Kadutu, kwenye mteremko ule ambao ukiangusha chungwa mlangoni kwako unalikuta kwa jirani wa chini ameshalimenya. Mdogo wa baba, Tonton Cito, alikuwa amerudi kutoka Kinshasa na suruali pana, viatu vyenye visigino virefu, na gitaa. Siku moja aliingia jikoni kwa mama, akachukua mkaa, akachora ukutani mistari sita, kila mstari uzi wa gitaa, kisha akaanza kutia nukta. "Riziki," akaniambia, kama mtu anayemtambulisha waziri, "huyu ndjo gamme pentatonique mineure."

Nikamwuliza ni mnyama gani huyo. Akanieleza kwamba ni ngazi ya sauti tano tu, si saba kama zile tulizoimba shuleni. Zile mbili zinazopenda kuleta ugomvi zimeachwa nje. Kila uzi una nukta mbili, basi. Umbo la kwanza, ukiweka kidole cha shahada kwenye kase ya tano, linakuwa la mineur, ngazi inayoanzia sauti iitwayo la. Kase, wewe unajua, ni ile nafasi kati ya chuma na chuma kwenye shingo ya gitaa. Umbo la pili linaanzia pale la kwanza linapoishia, la tatu linapokea kwa la pili, hivyo hivyo mpaka shingo yote imejaa. Ukuta nao ukajaa.

Mama aliporudi sokoni aliuliza ni kuku wa nani wameingia jikoni na miguu ya makaa. Alitaka kupaka chokaa siku ile ile. Nililia machozi ya kweli, mwanangu, mpaka akaniachia ukuta wangu. Tangu hapo kila nilipokaanga sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, mkono mmoja ulikuwa kwenye sufuria na macho yangu ukutani. Baba alikula sambaza za kuungua kiangazi kizima. Alisema tu kwamba muziki una ladha chungu.

Nilizijua zile nukta kuliko nilivyozijua sala zangu, Mungu anisamehe. Kwenda na kurudi, kurudi na kwenda, kwenye gitaa la Tonton kila aliponiazima. Na hapo ndipo wazo baya lilipoingia kichwani, lile lile lililo kichwani mwako leo. Nilidhani kupiga solo, kutunga papo hapo bila kuandikiwa, ni kuzunguka maumbo yote matano bila kupotea. Anayezunguka upesi zaidi ndiye fundi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, na mtu akijiambia jambo mwenyewe huwa halipingi.

Parokia yetu ilikuwa na orkestra ndogo. Kiongozi wake alikuwa Papa Baguma, fundi cherehani, aliyepiga besi kama anavyoshona: polepole, na mshono wake haufumuki. Tonton Cito alipiga gitaa la kusindikiza. Angeweza kupiga solo, lakini alisema msindikizaji anakula kwa amani kwa sababu hakuna anayemtazama. Mimi nilitikisa makayamba. Wakati huo mpiga solo wetu alikuwa ameoa Uvira na hakurudi, gitaa lake likabaki limetundikwa nyuma ya mlango wa sakristia, na kila Jumapili nililitazama kuliko nilivyotazama altare.

Basi dada yangu Faida akachumbiwa na kijana wa Katana. Wiki ile ya harusi Papa Baguma aliniita kwenye cherehani yake, sindano mdomoni.

"Riziki, ku ndoa ya dada yako weye ndjo utapiga solo," akasema. "Kama inaenda muzuri, ile gitare ni yako. Kama inaharibika, unarudia makayamba, na ile mambo hatutaiongea tena. Unasikia?"

Nilisikia vizuri sana. Ujue, siku hizo msichana mwenye gitaa la solo alikuwa habari ya mtaa. Kulikuwa na watu waliomsimamisha mama njiani kumwuliza kama binti yake ni mzima. Mimi nilitaka gitaa lile kuliko nilivyotaka mchumba, na nasema hivyo hata babu yako akiwa anasikia huko aliko.

Sasa nikukumbushe desturi ya nyumba yetu, maana wewe umeiona ukiwa mdogo tu, umelala mgongoni mwa mama yako. Mchana wa harusi, watu wakishatoka misa na kuketi, mwanamke mkubwa kuliko wote wa ukoo husimama mlangoni na kibuyu cha kasiksi kichwani, pombe yetu ya ndizi, bila mkono wa kukishika. Muziki humwita, naye huja akicheza, hatua kwa hatua, mpaka mbele ya maharusi. Wao wawili wakinywa, ndipo watu wanakula. Kabla ya hapo hakuna anayegusa sahani, hata awe padri. Na yule mwanamke haji kwa kuambiwa njoo. Anakuja kwa kuitwa na gitaa.

Mwaka ule mwenye kibuyu alikuwa Koko Nsimire. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye mgongo ulionyooka kama mlango mpya, na alikaa milimani juu ya Katana, akilima mihogo na maharagwe upande wa pili wa bonde. Hakuwa mtu wa kuchezewa. Mbuzi wake walimwogopa, na mbuzi, kama unavyojua, haogopi kitu.

Ukumbi ulijaa. Harufu ya mbuzi wa kuchoma ilipita kila mahali, wali wa mchele wa Luberizi ulikuwa umefunikwa kwa majani ya migomba, bugali, ugali wa kwetu, ilitoa moshi, na wajomba wa bwana harusi walishanawa mikono, wameiinua hewani ili isichafuke. Waimbaji wakaimba sehemu ya polepole. Kisha wakanyamaza, ngoma ikabadilika, besi ya Papa Baguma ikaanza kutembea, Tonton Cito akaingia nayo. Mlango ukafunguliwa. Koko alisimama pale na kibuyu, amevaa kitenge cha njano, na watu wakapiga vigelegele. Papa Baguma akanipa ishara kwa kidevu.

Nikakimbia, mwanangu. Nisikufiche. Umbo la kwanza, la pili, la tatu, nikapanda shingo yote kama mtu anayefukuzwa na nyuki, nikafika la tano, nikageuka, nikateremka. Hakuna nukta hata moja ya ukuta wa mama niliyoiruka. Koko alipiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili, akasimama. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani ameduwaa kwa ufundi wangu, nikaongeza mwendo. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, lakini ngoma yenyewe huwa haisikii methali hiyo.

Koko akainua mkono. Papa Baguma akaacha besi. Ngoma ikakoma. Mimi nilichelewa kunyamaza, kwa hiyo sauti zangu za mwisho zilianguka peke yazo katika ukumbi uliokwisha tulia, na hapo ndipo nilipoanza kusikia joto masikioni.

"Riziki," Koko akasema kutoka mlangoni, bila kupandisha sauti, na kibuyu hakikutikisika, "uko unaniita ao uko unanifukuza?"

Ukumbi wote ulicheka. Dada yangu Faida, ingawa bibi harusi wa kwetu hapaswi kuonyesha meno, alicheka mpaka shela ikamwangukia puani.

"Nakuita, Koko," nikajibu.

"Aa. Basi endelea kutembea weye, miye niko nakungoja hapa. Ukishafika kule unaenda, utaniambia, na miye nitatembea."

Akasimama. Wajomba wa bwana harusi walianza kukohoa. Mmoja wao, mwenye tumbo la kuheshimika, akasema kwa upole, "Maman, bugali iko inapoa."

"Ipoe," akasema Koko.

Papa Baguma akaniinamia. Niliona machoni mwake kwamba hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Mupatie tonton gitare," akanong'ona. "Tutaongea nyumbani."

Hapo nikajua gitaa limekwenda. Nikaanza kuvua mkanda begani. Tonton Cito alinyoosha mkono akitazama sakafu, kwa sababu alinipenda. Sikuwahi kuona mkanda wa gitaa ulio mzito namna ile. Nilikuwa nimeuvuta hadi shingoni Koko aliposema tena, safari hii kwa sauti ya shambani.

"Hapana! Ule alinifukuza, ndjo ule ataniita."

Tonton akarudisha mkono wake haraka kama aliyegusa sufuria. Nami nikabaki nimesimama na mkanda nusu begani. Nilikuwa na nukta zote za dunia na sikuwa na la kusema.

"Mutoto," Koko akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya nyumbani, "kama niko mu shamba, ngambo kule, na mama yako anakutuma kuniita nikuje kula, unafanyaka je?"

Nilimjibu kwamba nasimama ukingoni mwa bonde na kumwita.

"Halafu?"

"Halafu nangoja."

"Unangoja nini?"

"Uitike, Koko."

"Unaona unajua," akasema. "Niite basi."

Nikueleze jambo hili, maana wewe umezaliwa mjini na mtu ukimtaka unambonyeza kwenye simu. Kule milimani mtu humwita mwenzake kutoka kilima hadi kilima. Una jina lake na mwito mfupi, sauti chache tu, na ya mwisho unaivuta iende. Ukishaita unanyamaza. Hiyo ni adabu, na pia ni akili, kwa sababu yeye akiitika na wewe bado unaita, sauti zenu zitagongana katikati ya bonde na hakuna atakayesikia kitu. Watoto wadogo wakimwita mtu mfululizo, wakubwa waliwakemea: nyamaza, mpe nafasi aje. Nilikuwa nimemwita Koko hivyo kila tulipomtembelea, tangu nilipojua kusema. Kooo-ko-eee. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba kumwita Koko na kupiga gitaa ni jambo moja.

Nikauimba ule mwito kimoyomoyo. Kisha nikautafuta kwenye nyuzi, na haukuwa mbali. Ulikuwa pale pale katika umbo la kwanza, katikati, chini ya vidole vyangu: sol, la, kisha do kwenye uzi unaofuata. Sauti tatu tu, ambazo dakika chache kabla nilizikanyaga nikipita bila hata kuzisalimu. Papa Baguma alianza tena besi yake taratibu. Nikapiga sol, la, do, na kwa woga vidole vikarudi vyenyewe kwenye la, mahali nilipozoea kumalizia kila siku jikoni. Koko akainamisha kichwa kidogo, kama anayesikia mtoto wa jirani.

"Umeishia kwa jirani," Papa Baguma akanong'ona, akikandamiza do ile nene ya besi. "Wimbo unakaa huku. Rudia nyumbani."

Nikaelewa, na hilo nataka ulielewe pia, kwa sababu simu yako sidhani imekuambia. Wimbo ulikuwa wa do majeur. Sauti tano za la mineur na sauti tano za do ni zile zile, umbo ni lile lile, kidole hakihami. Kinachobadilika ni nyumba unayorudi kulala. Mimi nilikuwa nimetembea mtaa wote sahihi, kisha nikaingia nyumba ya jirani na kuvua viatu. Ndiyo maana kila nilichopiga siku ile kilisikika kama swali lisilo na mwenyewe.

Nikapiga tena. Sol, la, do. Nikaiacha ile do iende zake mpaka mlangoni, nikaondoa mkono.

Mwanangu, hakuna kitu kigumu kama kungoja mbele za watu. Vidole viliniwasha. Nilisikia mtoto akilia nje, na yule mjomba akimeza mate. Nikajiambia, Koko ameamua kuniaibisha kabisa. Nusura nianze kukimbia tena.

"Eeee!" akaitika Koko, na mguu wake wa kulia ukaja mbele.

Ukumbi ulilipuka. Nikamwita tena, safari hii nikaongeza re katikati, kama mtu anayeuliza, umefika wapi? Nikanyamaza. Akaitika kwa bega, na mguu wa kushoto ukaja. Nikapiga sauti mbili tu. Akazijibu kwa mguu mara mbili, kwa utundu, akinitazama, na mimi nikacheka kwa sauti huku napiga. Sikukumbuka ukuta. Nilimtazama Koko, nikasikia anachotaka, nikakitafuta, na kila mara kilikuwa karibu. Alipofika katikati ya ukumbi alichoka kidogo, nikamvutia sauti ndefu apumzike ndani yake. Alipopata nguvu, nikapanda umbo la pili, kwa sababu sasa nilikuwa na haja ya kwenda huko, na alipoona napanda akainua kidevu akapanda nami. Akina mama walisimama wote. Mjomba mwenye tumbo alisahau mikono yake safi, akapiga makofi mpaka jasho likamtoka.

Koko alifika mbele ya maharusi, akapiga magoti na kibuyu kichwani bila kumwaga hata tone, nami nikamfikisha kwenye do kama mtu anayemfungulia mama mlango. Faida akanywa. Mume wake akanywa. Bugali ilikuwa imepoa kweli, na hakuna aliyelalamika.

Papa Baguma hakuniambia kitu mpaka tuliposhiba. Ndipo akachukua makayamba yangu, akayaweka magotini mwa Tonton Cito. "Toka dimanche, ni weye," akamwambia. Tonton alilalamika kwamba mtikisa makayamba hutazamwa na kila mtu. Lakini aliyatikisa Jumapili mbili nzima, mpaka tulipopata kijana wa kumpokea, na gitaa lile la nyuma ya mlango ndilo hilo lililo mapajani mwako.

Jioni ile nilikwenda kumshukuru Koko nyumbani kwake. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamwambia pia kuhusu ukuta wa mama, nukta zote na maumbo matano, nikitegemea atanicheka. Hakunicheka. Aliniuliza maumbo hayo yanafanya kazi gani. Nikasema ni njia za vidole.

"Ni muzuri," akasema. "Mutu asiyejua njia anapotea. Lakini njia haisalimie mutu, Riziki. Ni mutu anasalimia mutu."

Akanipa muhogo, tukaendelea kumenya. Nimelibeba neno lile miaka yote hii, na leo naliweka mikononi mwako.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ndizo hizi. Usizitupe zile pozisyo tano. Aliyekuambia uzijue hakukosea, na mimi sikujuta sambaza hata moja iliyoungua. Asiye na njia hafiki. Lakini kaa kwanza na umbo moja mpaka likuchoshe, kisha uendelee kukaa nalo. Chagua sauti tatu humo ndani, uone unaweza kusema mambo mangapi kwa hizo tatu tu. Ukishindwa kuzisemesha hizo, hata thelathini hazitakusaidia. Debe tupu haliachi kuvuma. Na kabla kidole hakijagusa uzi, imba. Imba vibaya, haidhuru, mimi nina sauti ya chura na bado naimba. Kitu ambacho mdomo wako hauwezi kukitamka, kidole kinakisema kwa kuigiza tu, na wasikilizaji hujua.

Ujue nyumba ya wimbo iko wapi kabla hujatoka kutembea. Msikilize mpiga besi, maana yeye ndiye anayelala humo. Halafu ukishasema neno lako, nyamaza. Najua itakuwasha. Haraka haraka haina baraka, tunasema hivyo kila siku tukimkimbiza mtoto shuleni, lakini kwenye gitaa methali hii ni kweli tupu. Ule ukimya unaouogopa ndio mlango ambao mwenzako anaingilia. Ukiuziba, utabaki na ufundi wako peke yako ukumbini, kama mimi na zile sauti zangu za mwisho. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Sitaki upige kama mimi, wala kama yule wa kwenye simu. Nataka tu, ukipiga, niwepo na mimi ndani.

Wala si gitaa peke yake. Nimeona watu wakizungumza na wake zao kama nilivyopiga siku ile, na wazee wenzangu wakiwashauri vijana kwa umbo la kwanza hadi la tano bila kuvuta pumzi. Pengine hata mimi leo. Ndiyo maana sasa namalizia.

Mungu akupe vidole vinavyotii na masikio yanayotii zaidi. Akulinde na sifa za haraka. Popote utakapoita, kwenye kilima chochote cha dunia hii, awepo ng'ambo mtu wa kuitika, na nyumba yako usiikose hata giza likiingia.

Sasa shika gitaa vizuri. Jumamosi ijayo dada yako anaolewa, na hujafikiri bado ni nani mwanamke mkubwa wa nyumba hii siku hizi. Koko Nsimire amelala Katana. Kibuyu ni changu. Goti langu la kushoto ni bovu, njaa ya wageni hainihusu, na mgongo wangu nimeurithi kwa Koko mwenyewe. Nitasimama mlangoni, na kama utanifukuza nitasimama mpaka bugali igande. Niite, mwanangu, kisha uningoje. Nitakuja.